Sauti Kwenye Dirisha la Jikoni

Phelister Adongo alikuwa ameahidi kumjibu Keynan Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa imefika. Walisimama juu ya paa la saruji la ghorofa moja ya Eastleigh, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Kila mmoja alishika upande wake wa bati bapa, na hakuna aliyethubutu kulitaja lile swali.

"Inua kidogo upande wako," Phelister alisema.

"Hivi?"

"Kidogo tena. Basi, hapo."

Keynan alimtazama juu ya ukingo wa bati. Kwa miaka miwili Phelister alikuwa ameyaona macho hayo yakisoma vipimo katika vichochoro vya Huruma na Kiamaiko, juani na mvuani, na bado hakuwa ameyazoea. Aligeuza uso, akajifanya anakagua waya wa kufungia.

Walikutana chuo kikuu, katika mradi wa Dakta Muindi. Mradi ulitaka kujua jinsi mawimbi ya simu yanavyosafiri mitaa ya Eastlands, mahali ambapo ghorofa zimebanana hadi mtu anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Phelister ndiye aliyekuwa wa kompyuta. Aliuchora mtaa mzima mle ndani, kuta zake, milango yake ya chuma, mabati yake, kisha akaugawanya katika vijisanduku vidogo kuliko kiganja cha mtoto. Kompyuta ilipiga hesabu ya umeme na sumaku katika kila kijisanduku, kimoja kikikisukuma cha jirani yake, mpaka wimbi lilipofika mwisho wa kichochoro. Keynan alikuwa wa miguu. Alizunguka na kipokezi begani akipima, ili ijulikane kama kompyuta ilisema kweli au ilidanganya.

Siku ya kwanza hesabu na vipimo vilipolingana walikuwa Kiamaiko, mbuzi wamewazunguka, wachinjaji wanawapigia kelele watoke njiani. Keynan alicheka peke yake katikati ya lile zogo, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Phelister alimwangalia akajua kwamba yeye kwisha.

Tatizo lilianzia nyumbani, kama kawaida ya matatizo ya namna hiyo. Baba yake Phelister, mzee Phares, aliyestaafu kutoka kampuni ya reli, alisikia jina la Keynan Dubow mara moja tu akaweka kikombe chini. "Sikukusomesha ili siku moja nikutafute nisikupate," alisema. Hakuliongelea tena. Upande wa Keynan mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu njia hiyo ilikuwa imeshapitiwa. Mumin, kaka yake mkubwa, alimwoa Jacky, muuguzi Mkristo kutoka magharibi mwa Kenya, wakahamia Kisumu. Tangu siku hiyo baba yao, mzee Dubow, muuzaji wa vitambaa kwa jumla, anayeheshimiwa mtaa mzima, alisema hana mtoto anayeitwa Mumin. Alikataza hata mkewe kuitwa Mama Mumin. Majirani wote sasa walimwita Mama Keynan, na aliyejisahau alinyamazishwa kwa jicho.

Wiki iliyopita Keynan alikuja na mpango. Kulikuwa na kazi Kisumu, kampuni ndogo ya minara. Mumin alikuwa amemtafutia. Wangekwenda kwa msajili wa ndoa, wangepanda basi, na mambo mengine yangefuata baadaye.

"Nipe mpaka Jumamosi," Phelister alikuwa amemwambia.

Na kabla ya Jumamosi, Keynan alimwomba jambo jingine, dogo.

Mama yake alikuwa akizungumza na Mumin kwa siri, kwa simu ya vibonye, akiwa jikoni na mlango umefungwa. Sebuleni netiweki ilikuwepo, lakini sebuleni alikuwepo pia shangazi, dada wa mzee Dubow, ambaye hakutoka na hakusahau. Kushuka ngazi hakuweza, magoti yalikuwa yamemkataa, na kule chini kulikuwa na duka na watu wa dukani. Jikoni ndipo palipokuwa mahali pake pekee. Kisha ghala kuukuu la mabati lililokuwa nyuma likabomolewa, ghorofa mpya ya mawe ikaanza kupanda, na simu ya jikoni ikafa. Miezi miwili sasa hakuwa ameisikia sauti ya mwanawe.

Phelister alilielewa lile jambo hata kabla Keynan hajamaliza kulieleza. Mawimbi ya mnara wa Juja Road yalikuwa yakigonga ukuta wa lile ghala, yakidunda, yakiingia jikoni. Ukuta wa bati ulipoondoka, hakukuwa na kitu cha kuyadundisha. Kilichohitajika ni bati jingine, mahali pengine, kwa pembe sahihi. Aliichora ile nyumba na majirani zake, akaiachia kompyuta ya chuo hesabu ile usiku kucha, hesabu ambayo kama Dakta Muindi angeijua angeuliza ni jiko la nani hilo lenye hadhi hiyo. Asubuhi alikuwa na jibu. Bati lisimame juu ya ghorofa ya jirani, upande wa kulia wa tangi.

"Mimi sijui mnashika nini hapo," alisema Opicho, mtunzaji wa ghorofa ile ya jirani, ambaye alikuwa amewafungulia mlango wa paa na sasa aliwatazama akiwa ameweka mikono kiunoni. "Lakini bati hili likiangukia nguo za mpangaji, mimi simo."

"Haliangukii mtu, mzee," Keynan alisema. "Nikushikishe hapa, niende nikaangalie kwetu."

Alishuka, akavuka kichochoro, akapanda kwao. Baada ya muda umbo lake lilionekana gizani ndani ya dirisha la jikoni, orofa ya tatu, akiwa na simu ya mama yake mkononi.

"Hakuna kitu," alisema, sauti ikipenya kichochoro kwa urahisi.

Phelister aligeuza bati kidogo. Hakuna. Akalisogeza kushoto. Hakuna. Akalirudisha kulia, bure. Kompyuta ilikuwa imesema wimbi litafika, na kompyuta hiyo ilikuwa imesema kweli Huruma, ikasema kweli Kiamaiko.

Keynan alirudi paani akihema. "Labda haiwezekani. Umejaribu, Adongo. Inatosha."

"Kuna kitu sijakiona. Lazima nilione dirisha lenyewe."

Keynan alilitazama dirisha la kwao. Phelister hakuwahi kuvuka mlango wa nyumba ile.

"Shangazi yuko," Keynan alisema.

"Baba yako?"

"Yuko Garissa mpaka kesho."

"Basi mwambie mama ni yule wa chuo amekuja kuangalia dirisha."

"Ndivyo ninavyomwambia tangu mwaka jana," Keynan alisema. "Yule wa chuo."

Shangazi alikuwa kwenye zulia la sebuleni, tasbihi mkononi. Alimwangalia Phelister kuanzia nywele hadi soksi, akajibu salamu yake kwa nusu, akamfuata kwa macho mpaka mlango wa jikoni ulipofungwa.

Mama yake Keynan, Batulo, alikuwa mwanamke mrefu aliyeinama kidogo, mwenye uso mwembamba na macho yaleyale. Phelister hakuwa amejiandaa kwa macho yale.

"Karibu, injinia," Batulo alisema. "Nimekusikia sana. Kaa. Kijana wangu amekuchosha juu ya mabati."

"Asante, Mama. Sijachoka."

Lakini alikuwa ameshaliona. Dirisha la jikoni lilikuwa na grili ya vyuma vinene vilivyosogezwa karibu karibu, hata mkono usingepita. Kwenye mchoro wake dirisha lilikuwa wazi.

"Hivi vyuma viliwekwa lini?"

"Mwezi wa pili, hapo ghala lilipovunjwa," Batulo alisema. "Mafundi wakawa wanaweza kuchungulia. Mzee akasema tuweke."

"Ndivyo vinavyorudisha mawimbi nje." Phelister alimgeukia Keynan. "Lakini kile kidirisha cha juu hakina kitu. Tukiyaleta kutoka juu zaidi, yatapitia pale. Nenda paani umsaidie Opicho. Nitakwambia uinamishe vipi."

Keynan aliwatazama wote wawili, mama yake na yeye, mara ya kwanza kuwaona mahali pamoja. Kisha akaenda.

Phelister alitoa kompyuta kwenye mkoba akaiweka mezani, kando ya sufuria ya chai. Hesabu ile ndefu ya vijisanduku hakukuwa na nafasi ya kuirudia, kwa hiyo aliongeza vile vyuma kwenye mchoro, akaifuata miale peke yake, kutoka mnarani hadi kwenye bati, kutoka kwenye bati hadi kidirishani. Batulo alimmiminia chai yenye iliki na mdalasini, akasimama nyuma ya bega lake.

"Hii ni jikoni yangu?"

"Ndiyo, Mama. Hapa palipo na rangi nyekundu ndipo simu itashika. Ukisimama karibu na hii kabati."

"Na hapa peusi?"

"Hapo hapatafika kitu."

"Hapo nilizoea kusimama," Batulo alisema. "Haidhuru. Nitasogea."

Phelister alikwenda dirishani. "Keynan, inamisha kuja kwako. Polepole. Acha. Sasa inua ukingo wa chini kiasi cha kiganja."

Kwenye paa la jirani bati lilimeta, likatulia. Keynan alipiga magoti akaanza kukaza waya. Juu ya meza, simu ya vibonye ilitetemeka. Ikatetemeka tena. Jumbe za miezi miwili ziliingia moja baada ya nyingine, na simu ikasogea yenyewe juu ya meza mpaka ikagusa kikombe.

Batulo hakuishika mara moja. Alifuta mikono kwa kanga, akafuta tena, ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akasimama karibu na kabati, akabonyeza, akaiweka sikioni.

Phelister hakujua Kisomali zaidi ya maneno machache. Hakuyahitaji. Alisikia sauti ya mwanamume ikisema "Hooyo", mama, kisha ikakatika, ikasema tena "Hooyo", na Batulo akauegemea ukuta kwa bega lake lote. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, mkono umefunika mdomo ili shangazi asisikie. Alicheka kidogo, akalia, akacheka. Baadaye aliitoa simu sikioni akamnyooshea Phelister, ili naye asikie.

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, kwa Kiswahili cha Kisumu.

"Nyanya, ulikuwa wapi? Mimi nilidhani wewe pia umetukataa kama babu."

"Sijawakataa, Sabrin," Batulo alisema. "Simu ilikuwa mbaya. Sasa imetengenezwa."

"Imetengenezwa na nani?"

Batulo alimwangalia Phelister. "Na msichana mmoja mzuri."

"Utakuja lini unione, nyanya?"

"Tutazungumza kesho, mama. Kesho saa kama hii."

Alipokata simu, alivuta kiti akakaa karibu na Phelister, magoti yao yakikaribia kugusana. Chai ilikuwa imeshapoa.

"Ana miaka sita," Batulo alisema. "Sijawahi kumshika mkono. Nikimpita sokoni Gikomba leo sitamjua, mpaka afungue mdomo."

"Pole, Mama."

"Usinipe pole. Umenirudishia mtoto." Alisogeza kikombe pembeni. "Mwanangu, najua wewe ni nani."

Phelister aliifunga kompyuta. "Mimi ni wa chuo, Mama."

"Keynan akitaja jina lako hushusha sauti. Baba yake alikuwa hivyo hivyo zamani, akitaja langu mbele ya mama yake. Nimejua tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja kuona kama utakuja kwa mlango au kwa dirisha."

"Nisamehe."

"Kwa kosa gani?" Batulo aliushika mkono wake. Viganja vyake vilikuwa na joto la chai. "Watu watakwambia ni dini. Si dini. Dini yetu haimkatazi mwanamume wetu kuoa binti wa Watu wa Kitabu, Mkristo kama wewe. Ni watu, mwanangu. Ni wazee wanaokaa na mzee wangu, na ndugu zake wa Garissa, na huyo aliye sebuleni. Baada ya Mumin, mzee alikaa siku nyingi bila kwenda dukani kwa aibu. Akasema amebakiwa na mtoto mmoja."

"Keynan amekwambia mpango wake?"

"Hapana. Lakini Mumin amenieleza sasa hivi kuhusu kazi ya Kisumu. Alifurahi. Alidhani nitafurahi."

Nje walimsikia Opicho akimwelekeza Keynan akaze waya wa pili. Phelister alitamani kelele ile iendelee, ili asilazimike kusema neno.

"Mama, nikuulize. Ungetaka nifanye nini?"

"Sikukatazi," Batulo alisema. "Nilimkataza Jacky. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo namwomba Mungu ayafute, na yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kuniita nyanya. Sitarudia. Mkiamua kwenda, nendeni. Nitawaombea. Mimi nitasimama hapa karibu na kabati kila alasiri, nizungumze na watoto wawili badala ya mmoja. Nimeshajua namna."

Alisema hivyo bila hasira na bila kumtega. Hilo ndilo lililomvunja Phelister. Angekuwa mwanamke mkali, wa kufukuza na kutukana, angetoka mle jikoni moja kwa moja hadi kituo cha mabasi. Lakini huyu alikuwa ameshaanza kujipanga kwa huzuni yake ya pili, jinsi mtu anavyotafuta mahali pa kuweka kiti kipya.

"Kunywa chai yako," Batulo alisema. "Imepoa. Nikupashie?"

"Nitainywa hivi hivi, Mama Mumin."

Batulo aliinua uso. Lilikuwa jina lake lililokatazwa. Alimpapasa Phelister shavuni mara moja, akainuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Keynan alikuwa akimngoja kwenye ngazi, mikono imejaa vumbi la bati, uso umejaa mwanga.

"Mistari minne ya netiweki," alisema. "Nimeiona kwa simu yangu nikiwa hata sijafika mlangoni. Adongo, wewe ni mtu wa ajabu."

"Ongea polepole. Shangazi."

Walishuka mpaka penye kona, chini ya dirisha la ngazi, mahali ambapo harufu ya ubani wa dukani ilipanda kutoka chini. Keynan aliegemea ukuta. Alikuwa karibu naye kiasi kwamba Phelister aliliona jeraha dogo la waya kwenye kidole chake, damu bado mbichi.

"Umejikata."

"Si kitu. Nijibu sasa."

Phelister alikitoa kitambaa chake akakifunga kile kidole. Alichukua muda wake. Alijua kwamba akimaliza kufunga hatakuwa na sababu nyingine ya kumgusa.

"Siendi Kisumu," alisema.

Keynan hakuondoa mkono. "Mama amekwambia nini?"

"Amesema twende."

"Basi?"

"Amesema atasimama pale kwenye kabati azungumze na wawili badala ya mmoja. Amesema hivyo kama mtu anayepanga vikombe, Keynan."

"Mumin anaishi vizuri. Ana mke, ana mtoto. Mbingu haikuanguka."

"Mumin alipoondoka alimwachia wewe. Wewe unamwachia nani?"

Keynan alikitazama kile kitambaa. Chini, kijana wa duka aliburuta jora la kitambaa sakafuni. Waliusikiliza mburuzo ule mpaka ulipoisha.

"Nimemsikia yule mtoto," Phelister aliendelea. "Ana miaka sita, anadhani nyanya yake alimkataa. Mimi nawe tungepata mtoto. Angeuliza hivyo hivyo. Ningemjibu nini? Kwamba netiweki ilikuwa mbaya?"

"Basi tutasubiri. Aabo atabadilika, baba si jiwe."

"Amebadilika kwa Mumin?"

"Atazeeka."

"Unamaanisha tusubiri afe." Phelister alisema kwa upole. "Ukae naye mezani, umpakulie wali, huku ukimngoja. Wewe huwezi. Na ungeweza, mimi nisingekutaka."

Keynan alifunika uso kwa mkono uliofungwa kitambaa. Alipoutoa, macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa amezeeka kwa namna ambayo Phelister hakuwahi kuiona.

"Unanipenda?"

"Ndiyo."

"Na bado."

"Na bado."

"Ungenidanganya tu," Keynan alisema. "Ungeniambia umechoka nami. Ungeniambia kuna mtu mwingine. Ningekasirika, ningepona."

"Sikuweza kufikiria uongo ambao ungeuamini."

Keynan alitazama juu, kisha chini ya ngazi. Phelister alimwona akiutafuta mlango wa kutokea katika lile jambo, jinsi alivyozoea kuzunguka kichochoro mara mbili, mara tatu, kipimo kilipokataa. Alimpenda zaidi kwa kuutafuta. Mlango haukuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa ameutafuta tangu akiwa mezani na chai baridi.

"Vipimo vya Mukuru kwa Njenga vimebaki," Keynan alisema hatimaye. "Jumatatu."

"Nitamwomba Dakta Muindi ampeleke Frankline, mwenzetu wa mradi, nawe. Mimi nitafanya hesabu nikiwa maabara ya pili."

"Hata hilo?"

"Hata hilo. Nikikuona kila siku, mwezi ujao nitakwambia twende. Najijua."

"Na nikikupigia?"

"Usinipigie, Keynan."

Keynan alimwangalia mara ya mwisho kwa jinsi alivyokuwa akiangalia kipokezi kabla ya kukizima, akihakikisha ameandika kila kitu. Kisha akasogea pembeni, akamwachia ngazi. Phelister alishuka. Hakusikia nyayo nyuma yake. Mlango wa orofa ya tatu ulifunguliwa, sauti ya shangazi ikauliza kitu kwa Kisomali, na Keynan akajibu kwa neno moja.

Alitembea kwa miguu mpaka kwao, mtaa wa Jericho, ingawa ni mbali na mkoba ulikuwa mzito. Alipita maduka ya vitambaa, akapita vibanda vya samaki, akasalimiwa na watu wawili watatu waliomjua tangu akiwa na sare za shule, akawajibu wote. Hakulia. Alishangaa kwamba halii.

Mzee Phares alikuwa kibarazani, miguu kwenye kigoda, redio ikimsomea matokeo ya mpira. Aliipunguza sauti alipomwona binti yake akifungua geti.

"Umechelewa, Adongo. Omolo wa jirani amekuletea ndizi, ziko ndani."

"Asante, Baba. Baadaye."

Aliketi kwenye ngazi ya kibaraza, chini kidogo ya miguu ya baba yake, akauweka mkoba magotini. Mzee Phares aliizima redio kabisa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipotaka kusema jambo zito alilizungukia kwanza.

"Kanisani wameniuliza kama nitakuwa na wageni Pasaka," alisema.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia sijui bado." Alikohoa. "Nimekuwa nikifikiri. Mimi nimefanya kazi reli miaka mingi na Wasomali, na Wahindi, na Wakamba. Hakuna aliyeniibia. Mama yako, Mungu amrehemu, angenicheka." Alikohoa tena. "Huyo kijana wako. Dubow. Anakula kuku?"

Phelister alitazama geti. Watoto wa jirani walikuwa wakikimbizana na gurudumu, mmoja akaanguka, akainuka, akaendelea kukimbia.

"Anakula, Baba. Mradi amechinjwa vizuri."

"Kiamaiko wanachinja vizuri. Ningemtuma Omolo." Mzee Phares aliukuna mguu wake. "Mwambie aje Jumapili. Sisemi zaidi ya hapo. Aje ale, nimwone."

"Haji, Baba."

"Mwambie ni mimi nimesema."

"Haji."

Mzee Phares aliinama mbele ili auone uso wa binti yake, na alipouona aliweka mkono wake mzito juu ya kichwa chake, jinsi alivyokuwa akifanya Phelister alipokuwa mdogo na ana homa.

"Hata nikienda kumwita mimi mwenyewe?" aliuliza.

"Hata ukienda wewe mwenyewe," Phelister alisema, na hapo ndipo machozi yalipokuja.